Watu Watatu wa Jumapili

Jumatatu ya pili ya Septemba nilikuta mtaro umechimbwa mita nne zaidi ya nilivyoandika Jumamosi. Nilipima tena kwa utepe mwingine. Mita nne.

Kazi yangu ni kupanga kazi. Mradi ukianza, mimi ndiye ninayesema nini kitatangulia nini, kwa siku ngapi na kwa watu wangapi. Mradi huu ulikuwa ukuta wa bwawa la mchanga katika mto mkavu wa Ngwani, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Kambu. Ukuta hukatiza mto. Mafuriko huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hukaa ndani ya mchanga huo miezi mingi baada ya mvua. Ukuta wetu ulipaswa kuwa na urefu wa mita ishirini na mbili na kimo cha mita tatu. Ulipaswa pia kuwa umekauka kabla ya tarehe ishirini na nane Oktoba, siku niliyokadiria kuwa ya mafuriko ya kwanza. Ukuta mbichi ukikutwa na mafuriko huondoka wote. Wafadhili walikuwa wamesema wazi kwamba hawatarudi mara ya tatu.

Nilimwita Kimeu, msimamizi wa kazi.

"Nani alifanya kazi jana?"

"Jana Jumapili, madam?"

"Jana."

"Jana nilikuwa mlangoni kwa kanisa nikipokea watu. Hata wewe nilikupokea. Ulikuja wimbo wa pili."

"Basi nani amechimba hapa?"

"Labda ni ngiri," alisema, akacheka. "Ngiri wa Ngwani wamesoma. Wanachimba kwa kamba."

Kisha alichuchumaa akapitisha kiganja kwenye kingo za mtaro. Zilikuwa zimenyooka. Sakafu yake ilikuwa imesawazishwa. Aliacha kucheka, akavaa kofia, akaenda kugawa majembe.

Kikundi cha wanakijiji wanaojenga ukuta hakifanyi kazi Jumapili, na sababu yake ni mimi. Miaka kumi na miwili iliyopita, nikiwa na umri wa miaka ishirini na mitatu na cheti kipya cha chuo, niliupanga ukuta huu huu, mahali hapa hapa. Siku zilipungua nne. Nilizijaza kwa Jumapili nne. Mchungaji alipinga. Nilimjibu kwamba mvua haiendi kanisani, na watu wakacheka. Watatu walijitolea: Musyimi, fundi wa mawe, Kalekye, aliyekuwa na nguvu kuliko wanaume wengi, na Nzomo, ambaye hakuwahi kukosa siku hata moja. Jumapili ya nne, saa tisa alasiri, ukingo wa mashariki uliporomoka juu yao. Walitolewa jioni. Mradi ulifungwa. Ripoti niliiandika mimi, na niliiandika vizuri.

Nilirudi kwa sababu Wayua, mwenyekiti wa kikundi, alinitumia ujumbe. Wayua, ambaye wengi humwita Mama Ben, ni mjane wa Musyimi. Ujumbe wake ulikuwa na maneno machache: Ulianza. Uje umalize.

Wiki ya pili ilikwenda vibaya. Lori la mawe lilikwama siku mbili. Kisha mzee mmoja akafariki, na pale Ngwani mtu akifariki hakuna shimo linalochimbwa ila lake. Siku mbili nyingine zikaenda. Jumamosi tulikuwa nyuma kwa siku nne.

Jumatatu iliyofuata mawe yalikuwa yamechambuliwa. Makubwa yalikuwa peke yake, ya kati peke yake, madogo peke yake. Malundo yalikuwa matatu. Katika mwethya, ile kazi ya pamoja ambayo kila nyumba hutoa mtu, kila anayefanya kazi huweka lundo lake kando ili lionekane. Wanawake wa pale hutambua lundo kama watu wengine wanavyotambua mwandiko. Nthenya, binti ya Kalekye, alisimama mbele ya lundo la kati. Juu yake kulikuwa na jiwe jeupe, bapa.

"Mama alikuwa anaweka jeupe juu," alisema. "Ati ukimwibia jiwe moja, utaanza na hili, na yeye ataona."

"Yeyote anaweza kuweka jiwe jeupe," nilisema.

"Ni kweli, madam. Yeyote."

Hakuligusa. Siku nzima hakuna aliyeligusa lundo lile, mpaka nilipoanza kulibeba mimi mwenyewe.

Jioni nilifungua sanduku langu na kutoa ratiba ya zamani. Nilikuwa nimehama nayo katika nyumba tano. Jumapili ya kwanza: kuchimba mtaro, mita nne, watu watatu. Jumapili ya pili: kuchambua mawe, watu watatu. Nilikaa nayo magotini mpaka chai ikapoa.

Niliogopa. Lakini jambo la pili lililonijia, na lilinijia upesi, ni kwamba sasa tulikuwa nyuma kwa siku tatu tu.

Ratiba ya zamani ilisema kwamba Jumapili ya tatu ni ya kujenga safu moja ya msingi, upande wa magharibi. Jumamosi, kabla ya kufunga stoo, niliandika katika daftari langu: Jumapili, safu mbili. Watu 3. Nilitaka kujua wanafuata karatasi gani. Niliacha nje mifuko minane ya saruji, mapipa mawili ya maji na miko.

Jumatatu safu zilikuwa mbili.

Kimeu alizitazama kwa muda mrefu. Alikuwa fundi mzuri, na fundi mzuri hawezi kupita kazi nzuri bila kuisoma.

"Madam, ona vile mwiko ulipita. Umetoka kulia ukaja kushoto. Huyu ni fundi wa mkono wa kushoto."

"Tuna fundi wa mkono wa kushoto?"

"Tulikuwa naye."

Wayua alifika saa nne na sufuria ya muthokoi kichwani. Aliitua. Alienda moja kwa moja hadi kwenye ukuta akaweka kiganja juu ya saruji iliyokuwa bado na unyevu. Alikaa hivyo kwa kiasi cha mtu kusema sala fupi. Kisha aligawa chakula. Mimi alinipakulia mwisho.

Naeleza hili bila kujitetea: wiki ile nilifurahi. Tulikuwa nyuma kwa siku moja tu. Chuoni tulifundishwa kwamba mpangaji hupanga kwa nguvu zilizopo, si kwa zile anazotamani kuwa nazo. Nilikuwa na watu watatu wasiochoka, wasiougua, wasioenda matangani. Niliwapanga.

Kazi ngumu iliyobaki ilikuwa ukingo wa mashariki. Chini yake msingi ulipaswa kusafishwa hadi kwenye mwamba, na juu yake kulikuwa na mita tatu za mchanga mlegevu. Walio hai hawakutaka kuingia. Hawakukataa kwa maneno.

"Jembe langu halina mpini," Kimeu aliniambia Jumatano.

"Jana lilikuwa nao."

"Jana lilikuwa nao, ndiyo. Lakini unajua mpini."

Kulikuwa na njia salama. Ungekatwa ukingo kwa ngazi kutoka juu, polepole, hadi chini. Njia hiyo ilihitaji siku sita. Siku sita sikuwa nazo. Nilikuwa na Jumapili.

Kila Jumamosi mwenyekiti hutia sahihi ratiba ya wiki inayofuata. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimeificha Jumapili katika daftari langu. Safari hii niliiandika kwenye karatasi yenyewe, kwa sababu bila mstari huo kazi za Jumatatu zisingekuwa na maana. Niliuandika kwa herufi ndogo. Wayua husoma kwa kidole, neno kwa neno. Kidole kilishuka, kikafika kwenye mstari ule, kikasimama.

"Jumapili," alisoma. "Kusafisha msingi, ukingo wa mashariki. Watu tatu." Aliinua macho. "Mumbua, watu gani?"

Nilianza kufunga daftari langu.

"Umewapangia tena."

"Mama Ben, wanakuja wenyewe. Sikuwaita."

"Hukuwaita? Nani aliwaita, mimi?" Alikaa juu ya mfuko wa saruji. Hakupaza sauti. "Unajua mwethya au ulifundishwa tu? Mwethya unaitwa na mtu. Aliyeita ndiye anafunga. Jioni anasimama, anataja kila jina, anasema imetosha, nenda nyumbani. Kama jina lako halijatajwa, huweki jembe chini. Hata mtoto anajua hiyo. Sasa niambie. Siku ile nani alifunga?"

Siku ile, miili ilipokuwa bado haijatolewa, nilipanda gari la kwanza nililoliona na kwenda Nunguni kwa mama yangu. Ripoti niliiandikia jikoni kwake.

"Hakuna aliyefunga," nilisema.

"Miaka kumi na mbili Musyimi yuko kazini. Hata chakula cha mchana hajapewa."

"Nipe Jumapili hii moja," nilisema. "Moja tu. Wakimaliza ukingo, tutashika tarehe. Jumatatu nitafunga, nakuahidi. Ukuta utafika mita tatu, na hamtatembea tena hadi Kambu kutafuta maji. Ni wewe uliyesema nije nimalize."

"Na ukingo ukianguka?"

"Mama Ben, hawawezi kufa mara ya pili."

"Wewe umejuaje?"

Alisimama, akajipangusa vumbi la saruji kwenye leso. Hakutia sahihi. Hakuichana karatasi pia. Aliiacha mezani, kalamu juu yake, na akaenda.

Kesho yake kanisani sikusikia mahubiri. Niliangalia saa. Ibada ilipokwisha, watu walibaki uani kwa mkutano wa akina mama. Wayua hakubaki. Alitoka langoni, nami nikatoka nyuma yake. Hatukuwa tumepanga kwenda pamoja. Tulitembea hadi mtoni, na tulifika saa tisa kasoro.

Tuliwasikia kabla ya kuona chochote. Yalikuwa mabeleshi matatu, kila moja na sauti yake, yakifuatana kwa mwendo wa watu waliozoeana. Tulisimama juu, upande wa magharibi. Chini ya ukingo wa mashariki mchanga ulikuwa ukiruka kutoka mtaroni na kuanguka nje kwa mafungu. Mtaroni hapakuwa na mtu. Jua lilikuwa kali, na kila kitu kilionekana vizuri.

Walikuwa wamefanya kazi kubwa. Mwamba ulikuwa umeonekana kwa zaidi ya nusu. Nilikadiria kwamba saa moja zaidi ingetosha.

Kisha niliuona ufa. Ulikuwa juu ya ukingo, mwembamba, na mchanga ulikuwa ukitiririka ndani yake kama unga kwenye mdomo wa gunia.

Jambo la kwanza nililolifikiria lilikuwa tarehe ishirini na nane.

"Unahesabu," Wayua alisema.

"Ndiyo."

"Hesabu basi. Mimi nangoja. Nimezoea."

Nilihesabu. Kisha nilishuka hatua chache hadi mahali ambapo mwita kazi husimama, na nikaita.

"Nzomo! Imetosha. Nenda nyumbani."

Beleshi moja lilinyamaza. Yale mengine mawili yaliendelea, yakiwa na pengo katikati yao.

"Kalekye! Imetosha. Nenda nyumbani."

La pili likanyamaza.

"Musyimi! Imetosha. Nenda nyumbani."

Mchanga uliendelea kuruka. Niliita tena. Uliendelea. Ufa ulikuwa umepanuka kiasi cha kuingiza mkono.

"Mbona haachi?" nilimuuliza Wayua.

"Fundi haachi kazi nusu. Atataka sababu." Alikuwa amenifuata hadi karibu. "Musyimi alichukia kudanganywa juu ya kazi. Kama kuna kitu hukumwambia, mwambie."

Kulikuwa na kitu. Sikuwa nimekiandika katika ripoti, na sikuwa nimemwambia mtu yeyote.

"Musyimi," nilisema, na sauti yangu ilikuwa ndogo kuliko nilivyotaka, "siku hazikupungua kwa sababu ya mvua. Zilipungua kwa sababu nilisahau siku za soko. Nilipanga kama watu wa mjini, kila Jumanne nikaweka watu thelathini, na kila Jumanne walikuja wawili, kwa sababu wengine wote walikuwa Kambu wakiuza. Jumanne nne. Ningeweza kusema nimekosea. Niliona haya, nikawaomba Jumapili nne. Kosa lilikuwa langu. Imetosha. Nenda nyumbani."

Beleshi lilifanya kazi mara mbili zaidi, polepole, kama mtu anayesawazisha mahali pa mwisho. Kisha nalo likanyamaza.

Ukingo ulishuka muda mfupi baadaye. Haukufanya kelele nyingi. Mtaro ulijaa, vumbi likapanda, na lilipotulia hapakuwa na dalili kwamba mtu yeyote amewahi kuchimba mahali pale.

Wayua alitangulia kurudi. Njia ya kutoka mtoni ni pana, lakini alitembea ukingoni mwake kabisa, miguu kwenye nyasi, kama anayemwachia mtu nafasi kando yake. Niliona sistahili kumfikia. Nilikaa nyuma mpaka alipopotea kwenye kona ya shule.

Jumatatu hapakuwa na kazi yoyote iliyofanyika. Nilibandika ratiba mpya kwenye mlango wa stoo. Siku sita za kukata ukingo kwa ngazi, kutoka juu. Siku tatu za kutoa mchanga ulioanguka. Jumanne zote wazi, kwa ajili ya soko. Jumapili zote wazi. Siku zilizobaki hazikutosha kwa mita tatu. Zilitosha kwa mita moja na nusu.

"Hilo ni bwawa la bata," Kimeu alisema.

"Bata nao wana kiu," mtu mwingine alijibu, na watu wakacheka kidogo, kwa hasira.

Nthenya aliuliza kama wafadhili wataleta saruji ya kuongezea ukuta mwaka ujao. Nilisema sijui. Niliuliza kama kuna swali lingine. Wayua alichukua kalamu akatia sahihi.

Walifanya kazi vizuri. Kimeu alipata mpini. Hakuna aliyeumia hata kidole. Kila jioni nilisimama mahali pangu na kutaja majina yote thelathini na moja, moja moja, na hakuna aliyeondoka kabla sijamtaja. Mafuriko yalikuja tarehe thelathini Oktoba alfajiri, maji mekundu yenye miti ndani yake. Yalipita juu ya ukuta siku mbili. Yalipokwisha, ukuta ulikuwa umesimama na nyuma yake mchanga ulikuwa umefika juu.

Maji yalidumu mpaka tarehe kumi na tisa Februari. Kwa hesabu zangu, ukuta wa mita tatu ungewafikisha Agosti.

Nilikuja mwezi wa Machi kupima. Wafadhili walikuwa hawajajibu barua yangu. Nilikuwa nimepiga magoti juu ya mchanga, nikisoma kina cha kisima walichochimba mchangani, sasa kikavu, wakati Wayua alipotokea kwenye njia ya Kambu. Alikuwa na punda mmoja na mitungi minne ya plastiki, iliyojaa. Alikuwa ameondoka nyumbani usiku ili apange foleni, na sasa ilikuwa karibu saa sita mchana. Alisimama ili punda apumzike. Midomo yake ilikuwa mikavu. Maji ya mtungi hayanywewi njiani.

Tulisalimiana. Aliuliza habari za mama yangu. Nilimwuliza habari za nyumbani. Alisema nyumbani ni kimya sasa, ni kimya kabisa, na sikujua kama alikuwa akishukuru au akilalamika.

"Mama Ben," nilisema, "ungependa ningewaacha wamalize?"

Alikaza kamba ya mtungi wa kulia, akaivuta mara mbili kuona kama imeshika.

"Swali hilo," alisema, "usiniulize nikiwa na kiu."

Alimpiga punda kofi la taratibu, wakaendelea.